Kanuni ya Ukurasa wa Thelathini na Nne

Nianze na kosa lenyewe, kabla sijapata njia ya kulizunguka. Nilidanganya. Niliwadanganya watu wawili walioniamini, karibu miezi miwili mfululizo, huku nimeshika kitabu mkononi na kidole changu kiko juu ya mstari. Jina langu liacheni. Anayenijua atanitambua, atacheka, na ana haki ya kucheka.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kwetu ni Iringa, ila kazi nimepangiwa huku Makere, wilaya ya Kasulu, na huu ni mwaka wangu wa nne. Mtu akipangiwa kazi mbali na kwao, kwanza hutafuta anaponunua mkaa, kisha hutafuta pa kuzipeleka Jumamosi zake. Mimi zangu nilizipeleka kwenye drafti.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza Bwana Shamba, afisa ugani wa kata, mtu wa Mbeya, mwili mkubwa na sauti kuuzidi mwili. Wa pili Yusta, nesi wa zahanati, yeye ni Muha wa Kitahana, kule Kibondo. Wa tatu mimi. Ubao tulikuwa tumeuchora kwa mkaa juu ya kipande cha mbao, kete zetu vizibo vya soda. Aliyefungwa anainuka, anayesubiri anakaa. Mchezo wenyewe hauzidi dakika kumi. Maneno ndiyo yalikuwa marefu.

"Mwalimu, hicho kizibo ukikisogeza hapo unakipeleka makaburini," Bwana Shamba alikuwa akisema.

"Kiache kiende, kikamchukue na mwenzake," Yusta alimjibu kwa niaba yangu, na kwangu wiki nzima ilikuwa imekwisha kulipa.

Nilimpenda. Nilishamwambia, tena nilimwomba ruhusa ya kutuma mshenga kwao. Hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Ngoja maharage yavunwe, nitakujibu." Maharage ni kitu ambacho mwisho wake huvunwa, kwa hiyo niliona nimepewa ahadi nzuri. Nilianza kuyatazama mashamba ya watu kama vile ni ya baba yangu. Mvua ikichelewa, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kulalamika.

Sasa sikieni ujinga ulipoingilia.

Niliona video kwenye simu. Watu wa ng'ambo wamekaa kuizunguka meza, mbele yao ubao mkubwa wenye rangi za kila namna, vijumba, vinu, wanyama wadogo wa mbao, kadi zinang'aa. Hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye mvi, wanafikiri kama mahakimu. Nikaitazama drafti yetu ya mkaa, nikaiona imepauka. Nikasema moyoni, Yusta akiwekewa kitu kile mbele yake, atajua mimi ni mtu wa namna gani.

Bei ilinishtua. Nikaanza kudunduliza. Nilipoifikia, ilikuwa imepanda. Nikadunduliza tena, ikapanda tena, na safari hii wakaongeza usafirishaji na ushuru. Kwa fedha niliyolipa mwishowe ningepata mbuzi wawili, mmoja wao ana mimba. Mimi nilinunua boksi.

Lilikuja kwa basi hadi Kasulu mjini, zito kama debe la mahindi. Ndani mlikuwa na vipande zaidi ya mia tatu: kondoo wa mbao wadogo kama punje za maharage, madaraja, vinu vya kusagia ngano, kadi za misimu, sarafu za karatasi ngumu. Kila mchezaji anapewa bonde lake, analima, anafuga, anajenga, kisha baridi inakuja kumpima. Nje ya boksi kulikuwa na tangazo la maboksi mengine mawili ya nyongeza, nadhani kwa ajili ya wale ambao vipande mia tatu haviwatoshi.

Na kulikuwa na kitabu cha kanuni. Kurasa arobaini na nne za Kiingereza, herufi ndogo kama mchwa. Nyuma yake mambo yaleyale yamerudiwa kwa Kifaransa. Sehemu hiyo niliipita kama mtu anavyolipita kanisa la dhehebu jingine, kwa heshima, bila kuingia.

Nilikisoma siku tatu. Kila neno nililijua. Sentensi sikuielewa hata moja. "Mchezaji mwenye alama ya zamu, baada ya awamu ya pili ya msimu, isipokuwa pale ambapo kinu kimewashwa na mchezaji asiye jirani, atahesabu..." Atahesabu nini? Nilirudi mwanzo, nikaanza upya, nikapotelea palepale.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angewaambia wenzake, jamani, kitu hiki kimenishinda, tusaidiane. Lakini nilikuwa nimekinunua kwa bei ya mbuzi wawili. Na mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Makere nzima wakipata barua ya Kiingereza huja kwangu. Ningesemaje kwamba kitabu cha kuchezea kimenishinda?

Jumamosi ya kwanza tulipanga vile vipande barazani kwangu kwa saa nzima. Bwana Shamba aliinua kadi ya msimu wa baridi akaigeuza huku na huku.

"Hawa watu wanakaa ndani miezi yote hii, shamba limelala, wanakula nini?"

"Hawana muhogo," alisema Yusta. "Watakufa."

"Na ngano wamepanda bila samadi. Mimi nikimkuta mkulima hivi namwandikia barua."

Tulicheka. Kisha Yusta akaninyooshea kadi yenye kondoo mmoja aliyechorewa duara kumzunguka. "Mwalimu, na huyu mwenye duara ni wa nini?"

Sikujua. Nilifungua kitabu, nikapitisha kidole, nikakunja uso kama mtu anayetafsiri hukumu. Ulimi wangu ukasema wenyewe, "Huyo ni kondoo mjane. Akibaki peke yake zizini, majirani wanamlipia kodi mwenye zizi."

"Kondoo mjane," alirudia Bwana Shamba. "Kumbe wazungu nao wana huruma."

Wakalipa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wote wawili Kiingereza wanacho, wamekisomea, lakini kurasa zile zilichosha. Bwana Shamba alijaribu mbili tu, ya tatu akajifunika nayo usoni kuzuia jua. Tangu hapo, kila palipotokea ubishi walisema, "Mwalimu kasoma," na ubishi ukafa.

Ndugu zangu, hakuna kilevi kama kuwa mtu pekee aliyesoma. Wiki iliyofuata nilitunga kanuni ya kinu cha usiku. Wiki iliyofuata nikatunga ya ngano iliyochelewa. Sikukaa chini kupanga wizi. Nilitunga kila nilipokwama, na ajabu ni kwamba kila nilipokwama kanuni iliangukia upande wangu. Nilishinda Jumamosi tano mfululizo.

Maneno yakapungua. Mchezo wa dakika kumi ulikuwa umegeuka wa saa nne. Bwana Shamba akaanza kutazama saa. Nafikiri waliendelea kuja kwa kuionea huruma bei.

Jumamosi ya tano, tukiwa tunarudisha vipande kwenye boksi, Yusta alisema polepole, "Mimi haya mambo ya Kiingereza kirefu hayanifai, Mwalimu. Hata ile fomu nimeiacha."

Fomu hiyo niliijua. Ilikuwa ya kwenda kuongeza elimu, kusomea stashahada. Alikuwa nayo kwenye mkoba tangu mwaka uliopita, imekunjwa mara nne. Huko masomo yote ni kwa Kiingereza, na yeye tangu shule aliwahi kuambiwa mbele ya darasa kwamba hicho si chake.

Neno lake lilinichoma. Lingenichoma vizuri ningemwambia ukweli palepale: Yusta, hushindwi na Kiingereza, unashindwa na mimi. Badala yake nilienda nyumbani na wazo ambalo niliona ni la upendo.

Jumamosi ya sita nilihakikisha anashinda.

Mchezo ulikuwa unaelekea ukingoni, Yusta yuko nyuma, daraja lake likiwa limegusa kinu changu. Nikashtuka kama mtu aliyekumbuka jambo. "Subirini. Hapa kuna kanuni tulikuwa tunaisahau." Nikafungua kitabu. "Ukurasa wa thelathini na nne. Daraja likigusa kinu cha jirani, mwenye daraja anachukua kondoo wawili kila msimu, tangu lilipojengwa."

Yusta alihesabu misimu kwa vidole. Akachukua kondoo wangu, kundi zima. Akashinda.

Laiti mngemwona. Hakuruka wala kupiga kelele. Aliutazama ubao, kisha akapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama Waha wanavyopiga wakimsalimu mtu wa heshima. Alikuwa anajisalimia mwenyewe.

"Nimemfunga mwalimu wa Kiingereza," alisema. "Kwa kitabu chake."

Jumatatu zahanati nzima ilijua. Mwisho wa wiki alikwenda Kitahana, akamsimulia baba yake, na mzee akachinja jogoo. Aliporudi aliniambia, "Mwalimu, ile fomu nimeituma." Uso wake uling'aa kwa furaha. Nami nikajipongeza. Nilijiona mtu mwema sana siku hiyo, tena nikahesabu wiki zilizobaki za maharage.

Kilichonifichua ni kuku.

Kuku wa jirani alipanda barazani tukiwa tunacheza, akamdonoa kondoo wangu mmoja, akammeza. Bwana Shamba alitaka achinjwe papo hapo. "Tumfungue tu. Ushahidi umo ndani." Jirani alikataa. Nikatafuta mtandaoni kuagiza kondoo mwingine: waliotengeneza wanauza kipande kimoja kimoja, lakini kumleta hadi Tanzania ilikuwa ghali kuliko kuku, mayai yake na vifaranga vya miaka miwili.

"Twende kwa Papa Elia," alisema Yusta. "Anachonga kitu chochote."

Papa Elia ni Mkongo wa kambi ya wakimbizi iliyo jirani nasi, mzee mpole mwenye kibanda pembeni mwa soko la huko. Tulikwenda wote watatu Jumamosi mchana na boksi letu. Alitupa benchi, akafagia maranda kwa kiganja, akaomba aone mfano wa kondoo. Nikamwonyesha picha kwenye kitabu. Yeye akaendelea kufungua kurasa hadi nyuma, akasimama.

"Kumbe iko na Kifaransa," alisema taratibu, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. "Mimi pia nilikuwaka mwalimu kule kwetu. Siku mingi sijasoma kitabu mupya. Munaniruhusu nisome?"

"Soma, Papa," alisema Yusta. "Sisi tucheze hapa wakati unachonga."

"Nitachonga na nitasoma. Kondoo ni kidogo."

Ningeweza kusema tumechelewa. Ningeweza kukumbuka mtihani wa kusahihisha. Sikusema kitu, kwa sababu hata wakati ule nilikuwa sijaogopa. Uongo ukikaa miezi miwili bila kuguswa, mwenyewe unauzoea, unauona ni samani ya ndani.

Yusta alicheza vizuri siku hiyo. Akajenga daraja kando ya kinu changu, akanyoosha mkono. "Ukurasa wa thelathini na nne. Leta kondoo wawili, Mwalimu." Kisha akamgeukia mzee amweleze: "Papa, hii ndiyo kanuni iliyonipa ushindi."

Papa Elia aliacha kisu. Akatafuta ukurasa wa madaraja, midomo ikitembea. "Pardon, mama. Haiko vile. Hapa banasema daraja ni ya kupitisha ngano tu. Ya kondoo haiko."

"Iko," alisema Yusta. "Mwalimu kasoma."

Wote wakanitazama. Hapa, wasomaji, ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Nilisema, "Hizo tafsiri za Kifaransa huwa zina makosa."

Mzee hakukasirika. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwalimu. "Basi tufungue ile ya Kiingereza, tuone."

Yusta alikichukua kitabu mwenyewe. Alifungua ukurasa wa thelathini na nne, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kukwama hata mara moja. Ulikuwa unaeleza jinsi ya kurudisha vipande kwenye mifuko yake baada ya mchezo.

"Na kondoo mjane?" aliuliza Bwana Shamba.

Papa Elia alipekua. "Mujane? Hapana, mujane haiko humu."

Bwana Shamba alianza kucheka, kicheko kikaishia njiani. "Mwalimu. Mimi nimemlipia kodi kondoo mjane Jumamosi zote hizi."

"Nisamehe, Bwana Shamba."

"Nitakusamehe. Si leo."

Yusta hakuwa amecheka. "Kanuni ya daraja uliitunga lini?"

"Palepale."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ushinde."

Sokoni mtu alikuwa ananadi dagaa, na nilimshukuru yule mtu kwa kuendelea kunadi.

"Baba alichinja jogoo," alisema. Kisha akaongeza: "Fomu nimeituma." Akaanza kukusanya vipande. Nikadhani anaondoka. Alikuwa anavirudisha mwanzo. "Panga upya."

"Yusta," alisema Bwana Shamba, "tuna kilometa za kurudi."

"Panga. Papa, tafadhali utusomee. Kila kitu kilichoandikwa, hata kidogo."

Papa Elia akasoma. Alisoma Kifaransa kimoyomoyo, akakitoa kwa Kiswahili chake cha Kongo, na palipokuwa pagumu Yusta alisoma Kiingereza, wakalinganisha, wakabishana, Bwana Shamba naye akaingilia kwa mambo ya ngano. Sentensi iliyonishinda siku tatu waliifungua watatu kwa dakika chache. Mchezo ulikuwa bado mgumu, lakini ugumu wake ulikuwa wa haki, unamwangukia kila mtu sawa. Na maneno yakarudi. Waliambizana kila aina ya ufedhuli. Mimi tu ndiye sikuwa na mtu wa kunichokoza.

Yusta alinifunga kwa pointi kumi na tisa. Nilicheza kwa nguvu zangu zote, naapa, kwa sababu kumwachia tena ingekuwa kumtukana. Alinifunga.

Alisimama, akakung'uta maranda kwenye sketi. "Sasa nimejua kwamba naweza," alisema. "Na wewe pia nimekujua." Akamuaga Papa Elia kwa makofi yale ya taratibu, akatoka.

Maharage yalivunwa. Yalikuwa mengi mwaka huu, kila ua lilikuwa na turubai la maharage yanayoanikwa. Ujumbe wake ulikuja kwenye simu nikiwa ofisini kwa walimu. Ulianza na neno la kwao: "Oya." Yaani hapana. Kisha: "Usidhani ni kwa sababu ulitudanganya. Hilo ningelisahau. Ni kwa sababu uliniona siwezi, ukanionea huruma, ukaiita mapenzi. Nimechaguliwa, naondoka mwezi ujao. Uwe na amani."

Nilimpigia mjomba Iringa, maana yeye ndiye nilikuwa nimemweka tayari kutafuta mshenga.

"Imekuwaje?" aliuliza.

Nikamweleza yote, kwa kirefu, bila kujipendelea.

"Ngoja nielewe. Umenyimwa mke kwa ajili ya kondoo wa mbao?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na uliwanunua?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa bei gani?"

Nikakata simu, nikasingizia mtandao. Mnaona. Hata wiki ile ile nilidanganya tena.

Nawaambia ninyi mlio mbali na kwenu, mnaotafuta pa kupeleka Jumamosi zenu. Michezo hii ya maboksi inazidi kupanda bei na kuongeza kurasa, na siwezi kuwakataza kununua. Ni mizuri, ina vinu na madaraja, na jioni inakwisha bila mtu kujua. Lakini usije ukaona aibu kuwa kitu ulicholipia ghali hukijui. Bei haikukupa akili ya kukielewa. Kitabu kiwekwe katikati, kila mtu akiguse, kila mtu asome. Na kama kuna mtu unampenda mezani, mfunge ukiweza. Akikufunga, fungwa kwelikweli. Usimpe ushindi kama mtu anavyompa mtoto pipi.

Yusta yuko chuoni. Boksi liko kwa Papa Elia. Nilimwachia, kwa kuwa yeye analisoma vizuri kuliko mimi. Bwana Shamba hucheza pale kila Jumamosi, na wiki iliyopita alinitumia salamu kwamba wanahitaji mtu wa tatu. Nilipofika alinielekeza mahali pa kukaa, mwisho kabisa wa benchi.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Kitabu usikiguse."